Kuku wa Mkasi na Waganga Watatu

Paukwa!

Pakawa!

Paliwaka nini?

Paliwaka jua!

Likamchoma nani?

Tuambie wewe, sisi tulikuwa kivulini!

Haya, kama mlikuwa kivulini basi sogeeni. Wa nyuma waje mbele, anayetafuna amalize kutafuna, maana hadithi hii ina mahali pa kuitikia na sitaki mtu aniitikie na muhogo mdomoni.

Hapo zamani, zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa bado wanasemezana, palikuwa na kijiji kikiitwa Makorongo. Kijijini hapo aliishi mwanamke jina lake Mkasi, na mumewe, Faki.

Mkasi alikuwa mpole. Akiambiwa neno na mtu mwenye sauti ya kujiamini, yeye huliamini. Faki alikuwa mchapakazi, lakini hakuwa na subira. Mlango ukilia, aung'oe. Kamba ikijifunga fundo, aikate. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa tu hawezi kukaa na jambo lisilokwisha.

Mwaka huo kideri kilipita Makorongo. Mnakijua kideri? Ni ule ugonjwa unaoingia bandani jioni, asubuhi ukakuta manyoya tu yanapeperuka. Kila nyumba ililia. Majogoo wakanyamaza, watu wakawa wanachelewa kuamka. Katika kijiji kizima akabaki kuku mmoja jike, kuku wa Mkasi. Alikuwa mweusi mwenye madoa meupe, ndiyo maana akaitwa Madoa. Jogoo wake alikufa kwa kideri, lakini kabla hajafa Madoa alikwisha taga, na sasa alikuwa analalia mayai yake kwenye kona ya banda nyuma ya jiko.

Majirani walikuwa wakija kuchungulia.

"Bi Mkasi, yakianguliwa, na mimi unikumbuke kifaranga."

"Nitakukumbuka, jirani yangu."

"Na mimi."

"Na wewe pia, inshallah."

Basi Madoa akawa analalia mbegu ya kijiji kizima.

Kikaja kiangazi. Kiangazi gani hicho! Jua lilitoka asubuhi limekwisha kasirika. Mchanga uliunguza nyayo, majani ya mihogo yakajikunja. Na lile banda la Madoa lilielekea jua la mchana, na makuti yake yalikuwa yametoboka upande mmoja. Kigae cha maji kilikuwa mbali, kando ya mlango wa jiko, na ikifika adhuhuri maji yake yanaweza kukosha sahani yenye mafuta.

Siku moja Mkasi alikwenda bandani akamkuta Madoa ameshusha mabawa. Mdomo wazi, ulimi nje, kifua kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka. Kile kilemba chake chekundu kichwani kimepauka. Macho yamefumba nusu.

"Madoa! Una nini mwenzangu?"

Kuku akafungua mdomo aseme. Sauti haikutoka. Kilichotoka ni:

"Kha, kha, kha."

Hebu semeni na nyinyi. Kha, kha, kha. Ndiyo hivyo hivyo, kama mtu aliyemeza vumbi.

Mkasi akapiga kelele. Faki akaja mbio, akatazama, akaingia ndani, akatoka na kisu.

"Bwana Faki, hicho kisu cha nini?"

"Mke wangu, huyu anakufa. Tumuwahi angali halali. Akifa mwenyewe, tutakosa kuku na tutakosa na mchuzi."

"Na mayai? Na watu niliowaahidi?"

"Watu watasikitika, kisha watasahau."

"Nipe nafasi nimtafutie mganga."

Faki akaguna. Akakitia kisu kiunoni, hakukirudisha ndani.

Kumbe juu ya paa la jiko alikuwa ametua Kunguru, anasikiliza. Akaruka akatua uani, akatembea ule mwendo wake wa kujidai, mabawa nyuma kama mkaguzi.

"Hodi hapa. Nimesikia kuna mgonjwa."

"Karibu, Kunguru. Wewe unajua uganga?"

"Mimi? Nimezunguka vijiji saba. Ugonjwa gani sijauona? Nionyeshe."

Akapelekwa bandani. Akamtazama Madoa kwa jicho moja, akamtazama kwa jicho la pili. Madoa akajitahidi kusema.

"Kha, kha, kha."

"Unasikia?" akasema Kunguru. "Anasema baridi, baridi, baridi. Hiyo ni homa ya baridi. Tazama anavyotetemeka. Mtoe humo, mfunge mguu hapo uani, aote jua mpaka mchana. Na mimi sitaki ujira. Mimi nafanya kwa ajili ya ujirani."

Alizungumza kwa uhakika, na Mkasi akaamini. Akamtoa Madoa juu ya mayai yake, akamfunga kwenye kigingi uani, juani. Akaenda zake kisimani.

Aliporudi alimkuta kuku amelala ubavu, miguu imenyooka. Akambeba kwa haraka akamrudisha bandani. Na mayai yalikuwa yamepungua.

"Kunguru! Mayai mengine yako wapi?"

Kunguru akajifuta mdomo kwenye tawi. "Mayai? Kuku mwenye homa hula mayai yake mwenyewe. Hujui hilo?"

"Lakini alikuwa amefungwa uani!"

"Basi aliyala kabla," akasema Kunguru, akaruka akaenda zake.

Faki akagusa kisu. "Nilikwambia."

"Ngoja, mume wangu. Labda mganga wa kwanza hakuujua ugonjwa. Nitafute wa pili."

Asubuhi yake akaja Kenge. Akaja taratibu, tumbo chini, ulimi unaingia na kutoka.

"Nimesikia Kunguru amekosea," akasema. "Kunguru ni ndege wa majalala, atajua nini? Mimi babu zangu wamezaliwa kwenye mashimo ya mizimu. Nionyeshe mgonjwa."

Akapelekwa bandani. Madoa alipomwona Kenge, macho yalimtoka. Akajikusanya juu ya mayai, akajitahidi kwa nguvu zake zote kusema.

"Kha, kha, kha!"

"Umemsikia?" akasema Kenge. "Huyo si kuku anayesema. Huyo ni pepo. Anasema ubani, ubani, ubani. Mtoe kuku mlangoni, koka moto wa makumbi ya nazi, tia ubani, jaza moshi bandani. Nyinyi mkae mbali, mfumbe macho. Mimi nitaingia kumtoa pepo. Ujira sitaki."

Jua lile, na moto juu yake! Lakini Kenge alisema kwa sauti nzito, na Mkasi akaogopa. Akakoka moto, akajaza moshi. Madoa akawekwa mlangoni, katikati ya moshi na jua, anakohoa bila sauti. Wao wakafumba macho. Walisikia bandani chakari, chakari, chakari.

Moshi ulipotawanyika, Kenge alikuwa anatambaa kuelekea vichakani, tumbo limejaa. Mayai yaliyobaki yalikuwa ya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

"Kenge! Mayai yangu!"

"Pepo hatoki mikono mitupu," akajibu Kenge bila kugeuka. "Amechukua haki yake."

Mkasi akakaa chini akashika tama. Madoa alikuwa hawezi tena kusimama. Shingo yake ilikuwa imeegemea ukuta kama kamba iliyotupwa. Hata hivyo, aliporudishwa bandani alijiburura, akafunika kwa bawa moja yale mayai yaliyobaki.

Faki alimwona akijiburura.  Safari hii hakugusa kisu. Akasema, "Mke wangu, sasa tunamtesa. Kisu ni huruma."

Kabla Mkasi hajajibu, wakasikia sauti laini kutoka upande wa ua.

"Hodi, wenyewe. Msininyooshee mkono, najua harufu yangu haipendezi, nitasimama hapa hapa mbali."

Alikuwa Kicheche. Amevaa adabu mwili mzima. Mkononi ameshika pakacha jipya, limetandikwa majani mabichi.

"Bi Mkasi, pole. Bwana Faki, pole. Nimesikia habari, sikulala. Wale wawili ni matapeli. Mimi sina maneno mengi. Nyumbani kwangu kuna kivuli na majani ya dawa. Mtieni mgonjwa humu, nimchukue, nimuuguze. Akipata nafuu nitamrudisha mwenyewe, kwa miguu yangu."

Kutoka bandani ikasikika, kwa mbali, kama pumzi tu:

"Kha, kha, kha."

"Maskini," akasema Kicheche, akajifuta jicho. "Anasema nipeleke, nipeleke, nipeleke."

Faki akasema, "Chagua, Mkasi. Kisu changu au pakacha lake. Kukaa hivi siwezi tena."

Na Mkasi, kwa kuwa alikuwa amechoka, na kwa kuwa alitaka mtu amwambie kwamba mambo yatakuwa mema, akasema, "Pakacha. Ila ngoja nimuage kwanza."

Akaingia jikoni. Koo lilikuwa limemkauka kwa kulia na kwa joto. Akachota maji mtungini kwa kata, yale maji ya ndani yaliyotulia gizani na kupoa. Akaenda nayo bandani, akachutama mbele ya kuku wake, akataka kunywa. Kata ikainama. Maji yakamwagika kidogo, matone machache, yakaangukia mdomo wa Madoa.

Madoa akafumbua macho.

Akaramba matone. Akainua kichwa kidogo, akafungua mdomo, akangoja.

Mkasi akaitazama kata. Akamtazama kuku. Hakunywa. Akainamisha kata taratibu mpaka maji yakafika mdomoni mwa Madoa. Kuku akatumbukiza mdomo, akainua kichwa, akameza. Akatumbukiza tena, akainua, akameza. Mkasi akakaa pale pale chini, hathubutu kujitikisa.

Halafu Madoa akasema. Sauti ilikuwa ndogo, imekwaruza, lakini ilikuwa sauti.

"Mwenzangu, sina homa. Sina pepo. Nina kiu."

"Kiu?" akasema Mkasi. "Kiu tu?"

"Kiu na joto. Maji yako mbali, na yanaunguza. Kabla hujanikuta hivi, siku ya kwanza niliinuka kwenda kunywa, Kunguru akachukua yai. Siku ya pili niliinuka tena, Kenge akachukua. Nikaapa siinuki. Nilikuwa nakwambia kila siku."

"Ulikuwa unaniambia?"

"Kha, kha, kha. Kiu, kiu, kiu. Koo lilikuwa kavu, neno likawa halifiki mwisho. Nawe kila nikisema ulikuwa unamgeukia mwingine akufasirie."

Jamani, lile neno lilimwingia Mkasi kama mwiba. Akataka kulia, lakini akaona kulia ni kupoteza maji. Akasema, "Nisamehe, Madoa. Sasa nakuuliza wewe mwenyewe. Unataka nini?"

"Maji ya mtungini, karibu yangu. Kivuli hapo juu. Nilowanishe miguu, na kilemba hiki kichwani. Na mtu akae hapa nikiwa nakunywa."

Mkasi akamwita mumewe kwa sauti ya chini. Faki akaja, na Madoa akamweleza yote.  Kama kawaida yake, Faki akataka limalizike hapo hapo. Akakimbia akaja na ndoo nzima ya maji ya kisimani, akainyanyua ammwagie kuku.

"Taratibu, bwana!" akasema Madoa. "Ukinimwagia yote, utaniua kwa wema."

Faki akaishusha ndoo. Akachovya vidole, akaanza kumlowanisha miguu, kidole kwa kidole. Mtu yule aliyekuwa akikata mafundo, leo anaosha miguu ya kuku. Mikono yake mikubwa haikujua pa kushika, ikawa inajifunza.

Nje, Kicheche alikuwa bado anangoja.

"Bi Mkasi! Mgonjwa yuko tayari?"

Mkasi akatoka. Yule Mkasi mpole, mwepesi wa kuamini, akamtazama Kicheche na pakacha lake, akatabasamu.

"Karibu tayari, mganga. Namtengeneza vizuri, nimnenepeshe kidogo kwa pumba, asije akakufia njiani. Kaa hapo uani unisubiri."

"Hapa juani?"

"Ndipo penye nafasi. Au una haraka?"

"Hapana, hapana," akasema Kicheche, akafikiria kuku aliyeshiba pumba. Akakaa mchangani.

Jua likapanda. Kicheche akahamisha mguu huu, akahamisha ule.

"Bi Mkasi, bado?"

"Bado kidogo, mganga. Namfunga mabawa."

Jua likakaa utosini. Kicheche akajifunika kwa pakacha. Majani yale mabichi yakakauka, yakawa yanalia kama karatasi.

"Bi Mkasi, bado?"

"Bado kidogo, mganga. Namsomea dua ya safari."

Jua likazidi. Ulimi wa Kicheche ukatoka nje. Kifua kikawa kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka. Angeweza kuondoka, hakufungwa kamba. Lakini tamaa ilimfunga kuliko kamba.

"Bi Mkasi," akajaribu kuita mara ya tatu. Sauti haikutoka. Kilichotoka ni nini?

Kha, kha, kha!

Naam. Mkasi akatoka, akachutama mbele yake.

"Mganga, vipi? Naona unatetemeka. Unasema baridi?"

Kicheche akatikisa kichwa.

"Una pepo? Nikuletee moshi?"

Akatikisa kichwa, machozi yanamtoka.

"Au nikutie kwenye pakacha, nikupe mtu asiyekujua akakuuguze?"

Kicheche akakusanya mate yaliyobaki, akasema, "Kiu. Bi Mkasi, ni kiu tu. Nakufa kwa kiu."

"Ala!" akasema Mkasi. "Kumbe ugonjwa huu unaujua jina lake."



Faki alikuwa nyuma ya mkewe, kisu kiunoni, anangoja ishara. Mkasi hakutoa ishara. Akaingia jikoni, akachota maji mtungini, akayamimina kwenye kigae, akakiweka mbele ya Kicheche.

"Kunywa," akasema. "Mwenye kiu hupewa maji. Halafu uondoke, na uwaambie wenzako wawili kwamba kuku wa nyumba hii ana mdomo."

Kicheche akanywa mpaka kigae kikakauka. Akaondoka bila pakacha. Faki akakitoa kisu kiunoni, akaenda nacho mnazini, akakata makuti. Siku hiyo akaezeka lile paa lililotoboka, akatoboa ukuta wa upande wa pili ili upepo upite. Mkasi akahamishia kigae kando ya kiota, akawa anabadilisha maji kila yanapopata moto. Wakawa wanapokezana kukaa mlangoni. Kunguru akija juu ya paa, anakuta mtu. Kenge akichungulia vichakani, anakuta mtu na mchi.

Madoa hakupona mara moja. Siku nyingine alikula pumba mbichi yenye maji, siku nyingine hakutaka. Kuna asubuhi Mkasi aliamka na kwenda bandani kwa woga, akiogopa atakachokikuta. Lakini kidogo kidogo mabawa yakapanda, kilemba kikarudia wekundu wake.

Na mayai? Nisiwadanganye. Mengi yaliliwa, na yaliyobaki mengine yaliharibika kwa ule moshi na lile jua. Vifaranga vilivyotoka vilikuwa viwili tu, mtetea na jogoo. Majirani walipokuja kuuliza ahadi zao, Mkasi aliwaambia ukweli wote, hata ule wa yeye kumfunga kuku wake juani kwa mkono wake. Wakasikitika, wakangoja. Vifaranga vikakua, vikazaa, na vijukuu vikaingia nyumba moja baada ya nyingine mpaka majogoo wakawika tena Makorongo.

Basi, baada ya hapo, siku moja Mkasi alikwenda kumtazama mgonjwa. Alikuwa mama mmoja mtu mzima, Bi Chumu, mama yake Shaame. Nyumba ilijaa watu. Huyu anasema akandwe, yule anasema anyweshwe mwarobaini, wa tatu anasema ni husuda. Shaame mwenyewe anakimbia huku na huku, jasho linamtiririka, maana alimpenda mama yake na hakujua amsikilize nani.

Mkasi akapita katikati yao. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamshika yule mama mkono.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe mwenyewe wasemaje?"

 Bi Chumu akamtazama Mkasi.

"Nigeuzeni," akasema. "Tangu niugue mmenilaza nimetazama ukuta. Nataka kuona mlango, nione nani anaingia."

Shaame akapiga magoti. Akakizungusha kitanda cha mama yake kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, mpaka uso wa mama ukaelekea mlangoni. Na mama akacheka, siku ya kwanza tangu augue.

Wenzangu, hadithi hii inatufundisha hivi: kabla hujamtafutia mgonjwa dawa, muulize anaumwa wapi, na umngoje ajibu. Asiye na sauti hana upungufu wa maneno. Na anayekimbilia kumsemea, mtazame vizuri, huenda ana njaa.

Hapo ndipo nilipoishia mimi. Iliyo tamu mkalale nayo, iliyo chungu niachieni nitafune mwenyewe.